Likizo ya gofu apange asiyecheza

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapa barua ya dada mmoja wa Mikocheni aliyelalamika kwamba mumewe kampeleka kisiwani "kupumzika", kisha akamwacha kando ya bwawa la kuogelea siku nne nzima, yeye yuko na fimbo zake. Akamalizia kwamba gofu na ndoa havipikiki chungu kimoja. Barua ile niliisoma kwenye simu nikitoka zamu ya usiku, nikacheka peke yangu mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Naomba nafasi nimjibu, maana mimi ni mke wa mcheza gofu, huu mwaka wa kumi na mbili.

Dada, kosa la mumeo si gofu. Kosa ni kwamba yeye ndiye aliyepanga safari.

Baba Salma wangu ni mtu wa Unguja, dereva wa basi hapa Glasgow. Gofu kaijulia ukubwani, kwa madereva wenzake. Huku Uskochi mchezo huu si wa mabosi peke yao kama tulivyozoea kuuona nyumbani. Fundi bomba anacheza, mwalimu anacheza, kuna viwanja vya halmashauri ya jiji mtu anaingia na viatu vyake vya matope. Kwa hiyo sikuwa na hoja ya pesa ya kumkatalia. Nilikuwa na hoja ya siku. Likizo tunayoipata pamoja ni siku kumi kwa mwaka, na mtu akicheza mashimo 18, yaani mchezo mzima, asubuhi yote imekwisha, na mchana analala.

Alipotimiza miaka hamsini na tano akasema anataka kwenda visiwa vya magharibi, vile Wazungu wanaviita Outer Hebrides, akacheze viwanja vya mwisho wa dunia. Akaniletea karatasi. Siku kumi, viwanja sita, na kwenye kila siku pembeni kaandika jina langu na neno "anapumzika". Nikamuuliza, napumzikia wapi? Akasema kwenye gari.

Karatasi ile niliichana. Nikanunua daftari.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba kule gofu ndicho kitu chepesi kuliko vyote kupanga. Uwanja maarufu wa St Andrews, ambao kila mcheza gofu anaota kuukanyaga, watu wengi huingia kwa bahati nasibu inayochezeshwa siku mbili kabla, ukikosa, umekosa. Visiwani hakuna hadithi hiyo. Kigumu ni feri. Gari hukatiwa nafasi, na kiangazi nafasi zinajaa mapema sana. Baba Salma alikuwa keshapanga saa ya kupiga mkwaju wa kwanza Askernish, uwanja alioutamani kuliko yote, lakini gari halina nafasi ya kuvukia. Nikaanza upya: feri kwanza, kisha Ijumaa, kisha Jumapili, halafu gofu ikaingia kwenye mianya.

Ijumaa nitaeleza. Stornoway, mji mkubwa wa kisiwa cha Lewis, una msikiti tangu Mei 2018, wa kwanza katika visiwa vile. Ulifunguliwa Ramadhani ikiingia. Kijumba tu, usitegemee minara. Basi tukaendesha kutoka Glasgow mpaka Ullapool siku ya Alhamisi, feri ikatuvusha kwa saa mbili na nusu na kidogo, na Ijumaa Baba Salma akasali pamoja na watu ambao familia zao ziko kisiwani miaka mingi na Kiingereza chao kina lafudhi ya kule kabisa. Ilikuwa Juni. Magharibi inaingia saa nne na nusu usiku na saa kumi na nusu alfajiri jua liko juu. Mtu wa Tanga kama mimi, niliyezoea jua lizame saa kumi na mbili na nusu bila mjadala, nilikuwa nafunga pazia kwa vibanio vya nguo.

Jumapili ndiyo iliyoniokoa. Lewis na jirani yake Harris ni watu wa kanisa la zamani, na Jumapili kwao ni siku ya Mungu kwelikweli: maduka karibu yote yamefungwa, na uwanja wa gofu wa Harris haukanyagwi. Feri yenyewe ya Jumapili kwenda Stornoway ilianza mwaka 2009 tu, na ilizua maneno. Kwenye ile karatasi ya kwanza Baba Salma alikuwa kaipanga Harris Jumapili. Mimi nikaiweka Jumamosi, na Jumapili nikaiandika kwa herufi kubwa: YA MAMA SALMA. Tulitembea ufukwe wa Luskentyre toka asubuhi, mchanga mweupe kama wa Nungwi na maji ya rangi ileile, isipokuwa ukitia mguu unautoa kwa kelele. Jioni tukapita nje ya kanisa moja wanaimba zaburi kwa Kigaeli. Hakuna kinanda. Mzee mmoja anatanguliza mstari, kisha wote wanaudaka, kila mtu kwa sauti yake na kwa kasi yake, inapanda na kushuka kama wimbi linalovunjika sehemu nyingi. Baba Salma, mtu wa maulidi, alisimama pale ukutani kofia mkononi mpaka wakamaliza.

Sasa huo uwanja wa Harris, uko Scarista. Mashimo tisa, juu ya mteremko unaoangalia Atlantiki. Tulipofika Jumamosi asubuhi hapakuwa na mtu. Kuna kibanda, kuna sanduku la pesa, basi. Unalipa mwenyewe kwa uaminifu wako na kwenda kucheza. Tulisimama pale tukitazamana. Nilimwona mume wangu akitumbukiza noti, akarudi hatua mbili, kisha akarudi tena kuongeza sarafu, sijui za nini. Nick Faldo, bingwa yule wa Uingereza, aliwahi kupita akacheza, akaacha noti ya pauni tano yenye sahihi yake. Mpaka leo wanachama wanaishindania.

Pale ndipo nilipoelewa kwa nini viwanja vya pembezoni vinafaa kwa mke na mume. Kwenye viwanja vikubwa mimi ni kikwazo: simama hapa, usiongee, wenzetu nyuma wanasubiri. Scarista nyuma yetu walikuwepo kondoo. Nilitembea naye mashimo yote tisa na chupa ya chai ya tangawizi, tukapumzika la tatu tukala sambusa. Begi sibebi, hilo tulishaandikiana. Kazi yangu ilikuwa kushika bendera isipeperuke, na kuangalia mpira unaangukia wapi, maana macho yangu ni mazuri kuliko yake na upepo wa kule unauchukua mpira ukiwa hewani ukaupeleka unakotaka wenyewe. Shimo la sita alipiga kuelekea baharini kabisa, makusudi, na mpira ukarudi nchi kavu. Akanigeukia kama mtoto: "Umeona, Mama Salma? Umeona?" Nimeishi naye miaka thelathini na moja, uso ule nilikuwa nimeusahau.

Jumatatu tukavuka toka bandari ya Leverburgh, Harris, kwenda kisiwa cha Berneray, saa nzima, kwa sababu feri inapinda kushoto na kulia ikikwepa miamba kama gari la Arusha linavyokwepa mashimo. Kutoka hapo visiwa vya Uist vimeunganishwa kwa madaraja na tuta, unaendesha tu. Sitasema mengi, mvua ilinyesha.

Askernish ndiyo hija yake. Kisiwa cha South Uist, pwani ya magharibi. Uwanja ulichorwa mwaka 1891 na Old Tom Morris, mzee wa St Andrews aliyeshinda mashindano makubwa ya Open mara nne, na kwa wacheza gofu jina lake linatajwa kwa sauti ya chini. Baadaye sehemu kubwa ukapotea majanini na mchangani, mpaka mwaka 2005 wataalamu wakaanza kuusaka tena kati ya vilima, na Agosti 2008 ukafunguliwa tena wenye mashimo 18. Hakuna dawa za kuua magugu, na majira ya baridi ng'ombe wa wanakijiji wanalisha humohumo. Ardhi ile wanaiita machair: tambarare ya mchanga wa makombe yaliyosagika, na Juni imejaa maua ya njano na meupe mpaka unaona haya kukanyaga. Mashimo sita ya mwanzo ni ya kawaida. La saba ndipo vilima vya mchanga vinapoanza, na Baba Salma akanyamaza kabisa. Mpira mmoja uliingia shimo la sungura. Mwingine ulitua palipopita ng'ombe, huo tuliuacha.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma kabla ya kwenda, na hapa naomba radhi nitoke nje ya gofu kidogo. Aliyemwita Old Tom Morris kule alikuwa mwenye kisiwa, Lady Gordon Cathcart. Baba wa mume wake wa kwanza, Kanali Gordon wa Cluny, ndiye aliyewaondoa watu visiwani. Mwaka 1851 peke yake zaidi ya watu 1,500 walipakiwa melini kupelekwa Kanada, wengine kwa kukamatwa na kufungwa kamba. Mimi ni mjukuu wa mkata mkonge. Najua ardhi ya babu inavyoonekana ikiwa kwenye hesabu za mtu mwingine. Nilipokuwa nimesimama shimo la nane nikimwangalia mume wangu anapima upepo kwa majani, roho ilisita. Nikamweleza. Akatia fimbo begini, akauliza, "Na sasa ni ya nani?" Nikamwambia mwaka 2006 wenyeji walikinunua kisiwa chao, kina kampuni ya wananchi. Hata uwanja ulipotaka kufufuliwa, baadhi ya wafugaji waligoma kuachia malisho, wakafikishana mahakamani. Ndiyo maana ng'ombe bado wapo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi kile kinyesi kina haki yake." Tukaendelea.

Nayaandika haya kwa sababu nasikia kila mwaka maneno ya viwanja vipya vya gofu kwenye pwani yetu. Unguja tayari upo mmoja wa mashimo tisa. Sipingi. Nauliza tu kama anayechora amewauliza wenye mbuzi.

Usiku tulilala nyumba ya mama mmoja karibu na pale, na hatukulala. Kuna ndege huko anaitwa corncrake, kutwa haonekani, usiku anakwaruza kama mtu anayepitisha kidole kwenye meno ya kitana, krek-krek, krek-krek, mpaka asubuhi. Mwenye nyumba akatuambia tuna bahati, watu wanasafiri kutoka mbali kumsikia. Akasema baridi ikianza ndege huyo anakimbilia Afrika. Baba Salma akasema angemlipia nauli usiku ule ule.

Kisiwa cha mwisho kilikuwa Barra, dakika arobaini kwa feri kutoka Eriskay. Huko kuna uwanja wa mashimo tisa na ng'ombe wanazurura ndani, kwa hiyo kila penye bendera pamezungushiwa uzio. Unaruka ndani kumalizia mpira wako, unaruka nje. Alicheza matano tu. Mengine nilimnyima, kwa sababu siku ile ilikuwa zamu yangu na nilitaka kwenda uwanja wa ndege.

Dada wa Mikocheni usicheke. Barra ndege ya abiria inatua ufukweni, juu ya mchanga, maji yakitoka. Ratiba ya ndege inafuata maji kupwa na kujaa. Baba Salma, na Uunguja wake wote, alikuwa anaangalia saa. Mimi niliangalia maji nikamwambia bado nusu saa, na nusu saa haikupita sana ndege ndogo ya Glasgow ikaja chini, ikagusa, ikarusha maji pande zote mbili kama ngalawa inayopandishwa. Abiria wakashuka na mabegi yao. Ufukwe huo huo watu huokota kombe, kama mama zetu Tanga wanavyofanya maji yakikauka. Nilivua viatu, nikainama, nikaokota mbili.

Kesho yake upepo ulichafuka na feri ya Oban haikuja. Tulikaa siku moja zaidi kwenye chumba chenye dirisha moja, tukicheza karata, na kwenye daftari nilikuwa nimeacha siku hiyo tupu kwa kusudi hilo. Kwenye karatasi yake ya kwanza siku ile tungekuwa tumeshakosa zamu kazini wote wawili.

Mwakani anataka Whalsay, Shetland, uwanja wa kaskazini kuliko yote Uingereza. Nimeshaanza kuangalia feri. Mhariri, kama yule dada ataandika tena, tafadhali mwulize wanakwenda wapi na mwezi gani. Nitampigia picha kurasa zangu nimtumie, ila ukurasa wa bajeti nitaufunika kwa kidole.

Mama Salma,
Glasgow, Uskochi