Kwa Walimu Vijana wa Fasihi, Kisumu

Walimu wangu,

Nilifundisha fasihi hadi nikastaafu, na wiki jana mmoja wenu alinikaribisha niketi nyuma ya darasa lake. Nilitoka nimeudhika.

Kulikuwa na hadithi ya mume anayempiga mkewe. Kijana wa dirishani aliinua mkono, kidole cha mkono wa pili kikishika ukurasa. Kabla hajasema neno, mwalimu akawageukia wavulana: "Haya wanaume, jiteteeni!" Darasa likacheka. Mkono ukashuka, kitabu kikafungwa. Nje nikamuuliza alitaka kusema nini. "Mzee, nilitaka kujua kwa nini mama mkwe alisikia yote na hakufungua mlango."

Swali hilo sikuwahi kuulizwa maisha yangu yote darasani! Nanyi mkalizima.

Sisemi hadithi iondolewe. Wake wanapigwa kweli, na wavulana waisome hadi mwisho. Lakini mtoto wa miaka 17 hajampiga mtu. Mkimpandisha kizimbani kila kipindi atakimbilia fizikia, wala si kwa kuipenda.

Nyumbani nako baba anamwuliza, "Utakula mashairi?" Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026 mikondo ya masomo ya kuchagua ilikuwa mitatu, lakini wazazi wengi wanauona ule wa sayansi tu. Stejini bodaboda wanamcheka kwamba anasoma masomo ya wasichana. Nani aliwadanganya? Hapa ziwani nyatiti, ala ya nyuzi ya kuimbia, ilikuwa mikononi mwa wanaume. Kule Bungoma mzee akishazikwa, anayeongoza kumuse, hotuba ya matanga ya Wabukusu, akitembea huku na huko akisimulia ya ukoo na kuwaonya walio hai, ni mwanamume. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, mwana wa Gem, aliiandika historia ya Wajaluo kwa kuketi na wazee na kuwasikiliza. Sisi wazee ndio tuliosahau kuwaambia wana wetu haya, na lawama hiyo naibeba pamoja nanyi.

Mengine nayataja tu. Wasichana wasipunguziwe chochote. Anayekosea aelekezwe, asizomewe. Mvulana anayelia akisoma, mwacheni alie.

Lakini kijana wa dirishani siwezi kumwacha hivyo. Bado anacho kile kitabu, na ule ukurasa ameukunja kona. Jumatatu, mwalimu, kabla ya kuandika lolote ubaoni, mwite kwa jina lake umuulize kuhusu ule mlango.