Mpwa wangu, anza na chati za manesi

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia kuna wakili anakusumbua kwa simu, anataka umwandikie ripoti ya kitaalamu kwenye kesi ya mama aliyetolewa kizazi akaanza kuvuja mkojo. Ameniambia pia unasitasita, kwa kuwa daktari anayedaiwa ndiye aliyekushika mkono ulipokuwa mwanafunzi, na kwamba wenzako kazini wanakukumbusha kuwa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kesi yenyewe iko mahakamani, sitaigusa. Naandika hapa mbele za watu kwa sababu si wewe peke yako uliyeniuliza, na kwa sababu wagonjwa nao wana haki ya kujua sisi madaktari huenda mahakamani kufanya nini.

Jibu langu: kubali, ila kwa masharti.

Nianze na hilo la mwalimu wako. Madaktari wa mfumo wa mkojo katika nchi yetu tunafahamiana wote. Tumefundishana, tumetahiniana, tumekaa kamati za harusi za watoto wa wenzetu. Kila anayemjua mdaiwa akijitoa, huyo mama atalazimika kumleta shahidi kutoka India au Uingereza, na hela hizo hana. Kumjua mtu si kosa. Kosa ni kuficha. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yako kwamba mdaiwa alikufundisha, mwaka gani hadi mwaka gani, na jaji atajua aipime vipi kauli yako. Lakini kama mna kliniki ya pamoja, au unamdai, au anakudai, au wewe mwenyewe uliwahi kumtibu mama huyo, mwambie wakili atafute mwingine, na usizunguke.

Pili, elewa unakwenda kuwa shahidi wa nani. Wakili ndiye anayekutafuta na upande wake ndio unaokulipa, lakini Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 48, inaipa mahakama nafasi ya kusikia maoni ya wenye ujuzi maalumu kwa sababu mahakama ndiyo inayoyahitaji. Kanuni ambazo majaji wa nchi nyingi huzirejelea kuhusu wajibu wa shahidi mtaalamu zilitokana na kesi ya meli, Ikarian Reefer, iliyokwama na kuungua pwani ya Sierra Leone mwaka 1985, wenye meli na kampuni ya bima wakavutana mpaka London. Mwaka 1993 jaji akaandika kwamba maoni ya mtaalamu yawe yake mwenyewe, yasitengenezwe kufuata matakwa ya kesi. Asiache jambo linalopunguza nguvu ya maoni yake. Na swali likitoka nje ya fani yake aseme hivyo. Ripoti yako ikisomeka kama hotuba ya wakili, umeshaharibu.

Sasa nije kwenye kiini. Wakili wa mdai huja na imani moja: mrija wa mkojo umefungwa, basi daktari ni mzembe. Wakili wa hospitali huja na yake: hili ni tatizo linalojulikana, liko vitabuni, mgonjwa alitia saini, basi hakuna kosa. Kila mmoja anataka umwandikie sentensi moja akaitumie, na wote wamekosea.

Mahali penyewe unapajua. Ureta, mrija unaotoa mkojo kwenye figo na kuupeleka kwenye kibofu, una urefu wa sentimita 25 hadi 30. Ukishuka kwenye nyonga unapita chini ya ateri ya kizazi, mshipa unaokipelekea damu, kama sentimita 2 tu kutoka kwenye shingo ya kizazi, na ateri hiyo ndiyo ambayo daktari hana budi kuibana na kuifunga ili kizazi kitoke. Kizazi kikiwa na uvimbe mkubwa, au kimegandamana kwa sababu ya upasuaji wa zamani, au damu inafoka na hakuna anayeona kitu, mrija huvutwa mbali na pale ulipozoea kuukuta. Daktari mahiri na mwangalifu anaweza kuujeruhi. Hutokea kwa wachache, kwa tafiti nyingi hawafiki 2 kwa kila 100 wanaotolewa kizazi, lakini hakuna mpasuaji ambaye kwake ni sifuri.

Kwa hiyo usiulize kama mrija umeumia. Hilo kila mtu analijua, ndiyo maana mko mahakamani. Uliza daktari alifanya nini kuukwepa, na alifanya nini baadaye. Je, aliutafuta? Ureta hujitambulisha yenyewe, ukiigusa kwa ncha ya kifaa inajinyonganyonga kama mnyoo, na anayeitafuta huandika kwamba ameiona. Ukikuta ripoti ya upasuaji ya mistari minne, “kizazi kimetolewa, damu mililita 300, hakuna matatizo”, nenda moja kwa moja kwenye chati ya mtu wa usingizi, yule anayempa mgonjwa dawa ya kulala. Yeye huandika dakika kwa dakika na hana sababu ya kupamba. Chati hiyo ikionyesha kwamba upasuaji ulichukua saa nne, presha ilishuka ghafla saa ya pili, na mgonjwa akaongezwa chupa tatu za damu, basi ile mistari minne ina maswali ya kujibu. Kuwa mwadilifu hata hapo: jambo kutoandikwa si ushahidi kwamba halikufanywa. Sema hivyo kwenye ripoti, kisha sema pia daktari makini angeandika nini.

Lakini katika mafaili niliyopitia, mara nyingi kosa halimo thieta. Limo wodini, siku zinazofuata. Hebu nikuonyeshe linavyokaa; nimechanganya mafaili kadhaa ili asiwepo mtu wa kujitambua. Siku ya 2, nesi wa usiku: mgonjwa analalamika maumivu ya kiuno upande wa kushoto, amechomwa sindano ya maumivu. Siku ya 3: maumivu yaleyale, joto 38.2. Siku ya 4: joto 38.6, tumbo limejaa, amebadilishiwa antibiotiki. Pembeni daktari ameandika maneno mawili, “anaendelea vizuri”. Siku ya 6 ameruhusiwa. Siku ya 12 amerudi, pedi zinalowa maji mchana na usiku. Ameambiwa ni uchafu wa kawaida baada ya upasuaji, arudi nyumbani.

Manesi walikuwa wameshaona, na waliandika kwa mwandiko unaosomeka. Mwanamke aliyetolewa kizazi akiumwa kiuno upande mmoja na joto linapanda, altrasaundi ya figo ni ya siku hiyohiyo, na mashine hiyo iko hata kwenye hospitali nyingi za kaunti. Figo iliyovimba ingeonekana. Hapo ndipo penye kesi, kama kesi ipo.

Utausikia utetezi mmoja, uwe tayari nao: “Kreatinini yake ilikuwa ya kawaida na mkojo ulikuwa unatoka vizuri.” Kreatinini ni kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Mueleze jaji kwa utulivu kwamba mtu ana figo mbili. Ya kushoto ikifungiwa njia, ya kulia yenye afya hufanya kazi ya zote mbili, na vipimo vya damu vinaweza kutoka vizuri huku figo moja ikifa polepole. Majaji hulielewa jambo hili haraka kuliko tunavyodhani, mradi usiwatupie maneno ya darasani.

Tena usiidharau tarehe ya pedi ya kwanza kulowa. Mrija uliokatwa kwa kawaida huanza kuvuja mapema, ndani ya siku chache. Uliounguzwa na kifaa cha umeme hufa taratibu, tundu likaja kutoboka baada ya wiki moja au zaidi. Uliofungwa huanza na maumivu na homa. Muulize mama mwenyewe, muulize aliyekuwa anamfulia. Usiridhike na tarehe iliyoandikwa siku aliporudi kliniki.

Na kabla hujakubali neno “fistula”, yaani tundu linalovujisha mkojo ukeni, kwenye faili, angalia kama kuna aliyefanya kile kipimo cha shashi tatu. Hakina gharama. Kibofu kinajazwa rangi ya methilini bluu kwa katheta, mpira wa kutolea mkojo, shashi tatu zinapangwa ukeni, mama anatembea kidogo. Ya ndani ikitoka na buluu, tundu liko kwenye kibofu. Ikitoka imelowa lakini nyeupe, mkojo unatoka juu, kwenye ureta. Ya nje peke yake ikiwa na buluu, huenda anavuja kwa njia ya kawaida tu. Tofauti hii ndiyo inayoamua umlaumu nani na kwa lipi. Nimeona ripoti zikienda mahakamani bila yeyote kujua tundu liko wapi.

Wala usidhani ni mambo ya nadra. Mapitio yaliyochapishwa 2014, ya wanawake 5,959 waliotibiwa fistula za njia ya mkojo katika nchi 11, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, yaliona kwamba 805 kati yao walijeruhiwa na mkono wa mpasuaji, si na uchungu wa kuzaa wa muda mrefu. Wengi walikuwa wamepasuliwa kwa dharura ya uzazi. Daktari kijana, saa tisa ya usiku, kizazi kimepasuka, damu haipo benki: usimpime mtu huyo kwa thieta ya hospitali ya kulipia ya Nairobi. Mpime kwa alichokuwa nacho. Ila kumsikiliza mgonjwa asubuhi yake hakuhitaji mashine, na barua ya rufaa ni karatasi moja.

Vigezo vya sheria mawakili wanavijua, wewe vielewe tu. Kesi ya Bolam ya 1957 inauliza kama kuna kundi la madaktari wanaoheshimika ambao wangefanya vilevile. Bolitho ya 1997 imeongeza kwamba maoni ya kundi hilo lazima yawe na mantiki. Montgomery ya 2015 imehamisha idhini kutoka kwenye mazoea ya madaktari hadi kwenye hatari ambayo mgonjwa mwenye akili zake angependa kuijua. Zote ni za Uingereza, hazifungi mahakama zetu, lakini utaulizwa. Kuhusu idhini, dole gumba kwenye fomu halithibitishi kwamba mama aliambiwa habari za ureta, kwa lugha anayoisema.

Kisha kuna uhusiano wa kosa na madhara, na hapa ndipo mashahidi wengi huteleza. Miaka ya 1960 walinzi watatu wa usiku London walikunywa chai wakaanza kutapika, wakaenda hospitali, daktari akasema waende nyumbani wakamwone daktari wao. Mmoja akafa. Chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ikasema hospitali ilikosea kutomtazama, lakini mjane hakushinda, kwa kuwa hata angetibiwa saa ileile dawa isingewahi. Kwenye kesi zetu swali ni hilohilo: mrija ungegunduliwa siku ya 3, ungewekewa stenti, kijibomba cha kuuweka wazi, au kurekebishwa mapema, figo ingepona? Kama figo ilikuwa imekufa kabla ya upasuaji kwa mawe ya zamani, sema, hata kama wakili wako atanuna.

Na usitoke nje ya fani yako. Unamkumbuka Roy Meadow, bingwa wa watoto, aliyeiambia mahakama ya Uingereza mwaka 1999, kwenye kesi ya Sally Clark, mama aliyeshtakiwa kuwaua watoto wake wawili, kwamba uwezekano wa watoto wawili wa familia kama ile kufa ghafla ni 1 kati ya milioni 73. Alikuwa daktari wa watoto, si mtu wa takwimu, na hesabu ilikuwa na kasoro. Mama yule alifungwa, akaachiwa 2003. Wewe sema habari za ureta, kibofu na figo. Kama kizazi kilistahili kutolewa, hilo muachie daktari wa wanawake. Kiasi cha fidia muachie jaji.

Mwanamke mwenyewe umwone kwa macho yako, nesi akiwepo chumbani. Muulize anabadilisha pedi ngapi, analala juu ya nini, kama mumewe bado yuko. Huku pwani muulize na sala. Wapo waliokuwa hawakosi maulidi na sasa hawatoki nje, kila sala wanatawadha upya na bado hawana raha kusimama safuni na wenzao. Hayo hayaonekani kwenye picha ya CT, na yakikosekana kwenye ripoti hakuna mwingine atakayeyaandika.

Kwa wasomaji wengine: Kenya na Tanzania, madai ya uzembe kwa kawaida yana miaka 3. Kulalamika kwenye baraza la madaktari hakusimamishi saa hiyo. Baraza hushughulika na leseni ya daktari, fidia huamuliwa na mahakama.

Malipo yako yawe ya muda wako, yale yale ukimfaa wakili au usimfae. Anayekuahidi asilimia ya fidia mkimbie.

Sasa mpigie wakili. Mwambie mwalimu wako ni nani kwako. Akiendelea kukutaka, mwombe faili zima: chati za manesi zote, ya usingizi, karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka, na picha zenyewe, si maelezo ya picha. Akikutumia muhtasari wa ofisini kwake na kusema unatosha, mrudishie.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako