Kwa mdogo wangu mchora vibonzo

Birmingham, Alabama
Jumapili usiku

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote hapo Tanga. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu tu mlio mbali na macho yangu. Mwambie Mama baridi imeanza, ila lile sweta lake linanitosha.

Ama baada ya salamu, nimeusoma ujumbe wako kwamba wanakwambia vibonzo vyako ni vya kitoto. Nilitaka kupiga simu, nikaona bora niandike, maana kuna mtu wa huku nataka umjue.

Anaitwa Howard Cruse. Alizaliwa hapa Birmingham mwaka 1944, mtoto wa mchungaji. Alikuwa shoga. Sisemi lile "shoga" Mama analomwita jirani wakipelekeana vitumbua, unanielewa. Siku niliyokitoa kitabu chake kwenye rafu ya maktaba, nilifika penye wanaume wawili wanaopendana, nikakifunga upesi na kutazama nyuma kama kuna anayenijua. Nani anijue huku? Nikakifungua tena.

Katika miaka ya 1970 alikuwa na kibonzo chake, Barefootz: kijana peku mwenye miguu mikubwa, anaishi na mende. Wachoraji wenzake wakakibeza, eti kinapendeza mno, cha kitoto. Umeona? Na ndani ya kibonzo hicho hicho, mwaka 1976, akamtoa hadharani mhusika shoga. Mwaka 1980 akawa mhariri wa kwanza wa Gay Comix, jarida ambalo mashoga na wasagaji walichora maisha yao wenyewe badala ya kuchorwa na watu wa kuwacheka. Alijua kujianika hivyo kungeweza kumkosesha kazi nyingine. Alison Bechdel, ambaye leo ni jina kubwa katika vibonzo, alipata mwanga kwa kuliona jarida hilo. Baadaye Cruse akachora kibonzo cha Wendel katika The Advocate, jarida la habari za mashoga, mpaka 1989: mapenzi, ugomvi wa nyumbani, na UKIMWI wa miaka ile.

Kitabu nilichokishika mimi ni Stuck Rubber Baby, cha 1995. Mji wake umepewa jina la Clayfield, lakini ukikaa hapa unaujua ni upi. Kijana mzungu wa miaka ya 1960 anajificha asijulikane alivyo, huku Weusi wa mji wakidai haki zao na kupigwa. Cruse alikuwa na miaka 19 bomu lilipoua wasichana wanne katika kanisa la 16th Street Baptist, tarehe 15 Septemba 1963. Kanisa lipo bado, nililiona nikiwa kwenye basi la kwenda kazini kabla sijajua habari yake. Kijana wa kitabuni anazaa na msichana kwa kutaka kujiaminisha kuwa yuko kama wengine. Cruse naye alikuwa na binti aliyelelewa na watu wengine, wakaja kuonana ukubwani.

Sasa nisikilize wewe mwenye haraka. Kurasa 210, miaka minne. Kivuli chote kimejengwa kwa vistari vya kalamu vinavyopishana, kama Bibi anavyosuka ukili: shavu, ukuta, usiku mzima wa mtaani. Niliweka jicho karibu na karatasi mpaka mhudumu akaniuliza kama miwani imepotea. Malipo ya awali yaliisha kazi ikiwa katikati, ikabidi auze michoro kabla hajaichora ili apate kula. Mwaka 1996 kikapata tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya vibonzo huku Marekani.

Aliishi na mwenzake tangu 1979, wakafunga ndoa 2004 Massachusetts iliporuhusu. Alifariki huko Novemba 2019, akiwa na miaka 75. Najua Baba angesemaje. Mimi mwenyewe sijamaliza kuwaza, lakini mkono ule siwezi kuusema vibaya.

Kitabu sikitumi, usije ukaulizwa maswali usiyo na majibu. Nimemfungia shangazi kalamu sita na chupa mbili za wino, anafika Desemba. Ile ya ncha nyembamba kabisa usimwazime mtu. Nichoree jiko la Mama, na masizi yake yote ukutani, usinifanyie haraka. Hela ya bati nimetuma leo.

Wako akupendaye,
Dada