Wanawake si wa kujazia fomu ya baraza la mawaziri

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi, na sasa hao watoto wana watoto wao, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini hii ripoti yenu ya Jumapili kuhusu vile baraza la mawaziri huundwa uchaguzi ukiisha imenishinda kunyamaza. Mmesifu kwamba baraza limekuja na sura ya Kenya nzima. Mkahesabu Mlima Kenya, mkahesabu Bonde la Ufa, Pwani, Magharibi, Nyanza, Kaskazini Mashariki, sisi wa Ukambani mkatuweka karibu na mwisho lakini angalau tuko. Wanawake wamepata sentensi moja. Moja tu, na haina hata namba.

Sasa wacha niwape hiyo namba. Tarehe 27 Septemba 2022 Rais Ruto alisoma majina 22 ya mawaziri, ukimhesabu Mudavadi, mkuu wa mawaziri. Ibara ya 152 ya Katiba inasema mawaziri wasipungue 14 na wasizidi 22, kwa hivyo nafasi zilijazwa hadi ya mwisho. Kati ya hao 22 wanawake walikuwa 7. Katiba inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili, yaani wanawake wasipungue thuluthi moja. Thuluthi ya 22 ni 7 na kidogo, na mtu hakatwi vipande, kwa hivyo ilitakiwa wawe angalau 8. Tulikosa mtu mmoja jameni, nchi yenye wanawake mamilioni! Na hiyo thuluthi ni ile ya Katiba tu, kwa sababu ilani ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ilikuwa imeahidi nusu ya baraza, yaani 11, na tukiambiwa hivyo kwa kampeni tulipiga vigelegele, mimi nikiwa mmoja wao, sauti ilikauka siku mbili. Halafu wakaja watu wa kutetea, eti hesabuni pia katibu wa baraza, hesabuni na yule mshauri wa rais wa haki za wanawake. Mshauri si waziri. Hana wizara, hana bajeti ya kutetea bungeni, na rais akitaka kumsikiliza atamsikiliza, asipotaka basi.

Haya mambo ya kuitwa ujaze namba nayajua kwa sababu yamenipata. Miaka kadhaa iliyopita huku kwetu tulianzisha mradi wa maji, kisima cha kuchimbwa na tangi, kamati ya watu tisa. Wazee wakapeleka majina kusajiliwa, karani akahesabu akawaambia hapa wanawake ni wawili, rudini mlete wa tatu. Saa kumi na mbili jioni mwenyekiti akawa mlangoni kwangu, mimi mikono imejaa unga, ananiambia mama nipe fotokopi ya kitambulisho, ni jina tu tunataka, hutasumbuliwa na mtu. Nikatoa. Nilijiambia maji ni yetu, sisi ndio tunabeba mtungi mgongoni, kwa hivyo nikiwa ndani nitasema. Mwaka mzima sikuitwa mkutano hata mmoja, nikiuliza naambiwa bado, bado, na huku wanakutana. Kioski cha maji waliamua wenyewe kikae juu barabarani mahali pikipiki za kuuza maji zinafika, na sisi wa huku chini tukabaki kupanda kilima na mitungi vile vile. Halafu pampu ikaharibika na pesa ya kuitengeneza ikawa haionekani, na siku hiyo ndiyo nilikumbukwa kwamba mimi ni mwanakamati. Watu walikuja kwangu na ile karatasi, wakanionyesha jina langu na sahihi yangu, wakaniuliza pesa iko wapi mbele ya wajukuu wangu. Mwenyekiti hakuonekana siku tatu. Mpaka leo kuna nyumba mbili nikipita hawanisalimii.

Kwa hivyo mkiandika kwamba wanawake walikumbukwa, mimi nasikia yule mzee akiwa mlangoni jioni anaomba fotokopi. Vile mnaandika ni kama hii kanuni ya thuluthi mbili ni zawadi rais anatoa akiwa na roho nzuri, na iko kwa Katiba ya 2010, Ibara ya 27, tuliipigia kura. Desemba 2016 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba baraza la wakati ule lilikiuka hiyo kanuni, na ikawapa muda mpaka baada ya uchaguzi, sawa, uchaguzi ukaja ukaenda. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamwandikia Rais Uhuru Kenyatta amshauri avunje Bunge kwa sababu wabunge walikataa kupitisha sheria ya jinsia, na halikuvunjwa, wabunge wakamaliza muhula wao wakalipwa mpaka shilingi ya mwisho. Na bado ukiuliza unaambiwa shida ni kupata wanawake waliohitimu. Mwaka huohuo wa 2022 wananchi wenyewe walichagua magavana wanawake 7, sisi Machakos tukamchagua Wavinya Ndeti, Homa Bay wakamchagua Gladys Wanga, Nakuru wakamchagua Susan Kihika, Kwale wakamchagua Fatuma Achani, Meru, Embu na Kirinyaga hivyo hivyo. Mtu wa kijijini ambaye hana washauri wala ripoti za ujasusi aliwaona wanawake wa kuongoza kaunti nzima, na mtu mwenye serikali yote mkononi akakosa kumwona wa nane? Hawakosi, wanaanza kwa kulipa madeni ya kampeni, huyu alitoa helikopta, huyu alileta kura za watu wake, huyu alikubali kuachia mwingine kiti, na viti vikiisha ndipo mtu anakumbuka kuna sheria ya wanawake, na hapo zimebaki zile wizara hakuna mwanamume amezipigania.

Na hao wa kulipwa madeni hawaishi. Mnakumbuka Machi 2023 walipotajwa wale mawaziri wasaidizi, CAS, 50 kwa mpigo, wengi wao ni watu tulikuwa tumewanyima kura miezi saba tu nyuma, mimi nilimkataa mtu debeni nikaona anarudi kupitia Ikulu. Mahakama ndiyo ilituokoa Julai mwaka huo ikasema zile nafasi ziko kinyume cha Katiba. Nani alisema nchi haina pesa? Kwa wanawake tunaambiwa nafasi ni chache, kwa walioshindwa kura nafasi 50 zinapatikana asubuhi moja. Halafu 2024 vijana wakaingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, tarehe 11 Julai mawaziri wote wakafukuzwa isipokuwa Mudavadi, nikasema sasa, hapa ndipo mtu anaweza kuanza upya na karatasi safi. Kabla mwezi kuisha baadhi ya waliofukuzwa walikuwa wametajwa tena, na vigogo wanne wa ODM, chama cha Raila kilichokuwa upinzani, wakapewa nafasi, Mbadi, Joho, Oparanya na Wandayi. Vigogo wanne na hakuna mwanamke hata mmoja kati yao! Sikuona gazeti lako likiuliza hilo, mlikuwa mnauliza kama Raila ameingia serikalini au hajaingia.

Sitaki kamati nyingine ya kuchunguza. Nataka 2027, majina yakitoka Ikulu kwenda Bunge kupigwa msasa, Karani wa Bunge ayahesabu palepale mapokezi, na kama ni 22 na wanawake hawafiki 8, airudishe barua siku hiyohiyo na yule dereva aliyeileta, lisipelekwe jina hata moja mbele ya kamati, hata la waziri wa fedha. Wakikaa wiki mbili bila mawaziri, wakae. Serikali ya Uhuru na Ruto ya 2013 ilianza na mawaziri 18 na wanawake 6 ndani yake, thuluthi kamili, kwa hivyo wasiniambie haiwezekani, ilishafanywa na Ruto mwenyewe alikuwa naibu wa rais.

Na wewe mhariri una kazi yako pia. Siku mtachapisha ile picha ya baraza lijalo kwenye ngazi za Ikulu, kabla hamjaandika nani ametoka wapi, chini ya picha wekeni namba mbili kwa herufi kubwa, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Nitanunua hilo gazeti nihesabu mwenyewe kichwa kwa kichwa, na zisipolingana nitakuandikia tena.

Mama wa kamati ya maji,
Machakos