Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Tupeni Kadi ya Wavu

Mheshimiwa Waziri,

Nina wavu wa upasuaji tumboni, yaani kiraka chenye matundu cha kuzibia ukuta wa tumbo, mwaka wa sita sasa, na sijui ni wavu gani.

Niliotwa na uvimbe uitwao desmoidi ndani ya msuli wa mbele wa tumbo, kama unavyowapata wanawake wengine baada ya kujifungua. Uvimbe huu hausambai mwilini, ila hujipenyeza kwenye nyama ya jirani, hivyo daktari alikata mpaka akafika kwenye nyama safi. Pengo lililobaki halikushoneka ukingo kwa ukingo, likazibwa kwa wavu. Namshukuru hadi leo: sina ngiri, nainama, nabeba mwanangu.

Mwaka jana utumbo uliziba. Daktari mwingine, akijiandaa kunipasua, aliniuliza: "Wavu wako ni wa aina gani, na umewekwa tabaka lipi la ukuta wa tumbo?" Nilinyamaza. Barua yangu ya kuruhusiwa imeandikwa "wavu umewekwa", basi. Faili langu la kule nilikopasuliwa halikupatikana.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Wavu mtupu wa polipropilini, aina ya plastiki, ukigusana na utumbo huweza kushikamana nao, hata kuutoboa. Ndiyo maana unaokaa karibu na utumbo huwa na utando upande huo, au hutandikiwa omentamu, lile pazia la mafuta ya tumbo. Kovu nalo halionyeshi wavu unaishia wapi, kwani hupitishwa kingo za pengo kwa sentimita kadhaa, mara nyingi 5 kila upande. Tena polipropilini haionekani vizuri kwenye picha ya CT. Aliyeshika kisu angekuwa anapapasa gizani, na tumbo ni langu.

Safari ile utumbo ulifunguka kwa dripu na mpira wa puani. Sikupasuliwa.

Mheshimiwa, naomba kila anayewekewa wavu apewe kadi: jina la wavu, mtengenezaji, namba ya toleo, ukubwa, tabaka ulipokaa, tarehe, na kama umeshikizwa kwa pini za chuma, maana hilo huulizwa kabla ya kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku kali. Umoja wa Ulaya uliiweka kadi ya namna hii katika kanuni zake za vifaa tiba za mwaka 2017. Boksi la wavu kwa kawaida huja na vibandiko vyenye namba hizo tayari, na kimoja huenda kwenye faili. Kingine tupeni sisi tuondoke nacho.

Wako,
Mgonjwa mwenye wavu