Presha haipimwi mbiombio

Mhariri,

Mtu akishaambiwa ana presha, kila kichwa kikimuuma ni presha, na kazi ya karafuu anaiacha. Utafiti wa mwaka 1978 kwa wafanyakazi wa chuma Kanada ulionyesha hivyo: waliopewa habari hiyo walizidi kukosa kazini, hata wasioanzishiwa dawa. Na presha yenyewe aghalabu haina dalili!

Basi tunaopima tusikimbilie kutamka. Aliyekuja kwa miguu juani akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda wa kipimo uvalishwe mkono mtupu, si juu ya buibui. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mkojo uliobana nao hupandisha, na soga pia (hapa ndipo tunapoharibu wengi wetu). Kahawa iwe imepita nusu saa. Pima mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja. Ikifika 140/90 (namba ya juu 140 au ya chini 90), arudi siku nyengine apimwe tena. Ikifika 180/110, daktari amuone siku hiyo hiyo.

Ikithibitika, mwandikie namba zake, na umwambie wazi kama kazi anaweza kuendelea nayo.

Wapimaji presha,
Chake Chake, Pemba