Nani aliiona oganesoni ikiwa gesi?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu jedwali la elementi ilikwenda vizuri mpaka ilipofika kwenye kisanduku cha mwisho. Pale mwandishi aliimaliza oganesoni, namba 118, kwa sentensi moja: ni gesi isiyo na rangi wala harufu, na haimenyuki na kitu, kama ndugu zake wa safu ya 18, yaani gesi adimu, neoni na arigoni. Nafundisha Kemia sekondari hapa Morogoro, na wanafunzi wangu wawili walinijia na ukurasa huo mkononi. Naomba nafasi ya kubisha.

Hakuna mtu aliyewahi kuiona oganesoni ikiwa gesi. Wala kimiminika, wala yabisi. Atomu zake zilizowahi kupatikana duniani kote hazifiki kumi. Zilitengenezwa Dubna, Urusi, na wanasayansi wa huko wakishirikiana na wenzao wa Livermore, Marekani. Walirusha kalsiamu-48 kwenye shabaha ya kaliforniamu-249 (tarakimu ni jumla ya protoni na nutroni) kwa miezi, wakingoja viini viwili vishikamane badala ya kusambaratika. Protoni 20 za kalsiamu na 98 za kaliforniamu ndizo hizo 118. Kinachozaliwa ni oganesoni-294, ambayo nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya atomu kuvunjika, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Na hata hiyo haikutazamwa na yeyote. Kilichopo ni alama kwenye kihisio cha silikoni: atomu imetua hapa, imetoa chembe ya alfa (protoni mbili na nutroni mbili) na kugeuka livermoriamu-290, ikatoa nyingine, sasa ni fleroviamu-286, kisha kiini kikapasuka, ama hapo hapo ama baada ya hatua moja zaidi. Nishati za alfa hizo na muda uliopita kati ya moja na nyingine ndivyo vinavyothibitisha kwamba atomu ilikuwepo. Kuhusu rangi na harufu, kihisio hakina la kusema.

Habari za tabia zake basi zinatoka kwenye hesabu, na hesabu hizo hazikubaliani na mwandishi wenu. Kiini chenye protoni 118 kinazivuta elektroni za ndani kwa nguvu kiasi kwamba mwendo wake unakadiriwa kufikia asilimia 86 hivi ya mwendo wa nuru. Kwa mwendo huo kanuni za Einstein haziwezi kuachwa kando. Si jambo la ajabu wala la mbali: athari hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo zaidi, ndiyo inayoipa dhahabu umanjano wake na kuifanya zebaki iwe kimiminika mezani. Ndani ya oganesoni inazigawa elektroni sita za nje, zile wanakemia wanazoziita za aina ya p, katika makundi mawili. Mbili zinavutwa karibu na kiini, nne zinabaki mbali, zikiwa zimeshikwa kwa ulegevu. Wingu la nje linakuwa kubwa na rahisi kupindishwa, kwa hiyo atomu zinanatana kuliko zile za zenoni au radoni.

Matokeo yake? Hesabu zilizochapishwa 2020 na mwanakemia Peter Schwerdtfeger na wenzake zinaweka kiwango cha kuyeyuka kwenye nyuzi 52 hivi za Selsiasi na cha kuchemka karibu na 177. Maana yake hata Dar es Salaam mwezi Januari, bila feni, oganesoni ingekuwa bonge. Inatabiriwa pia kuwa nusukipitishi (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu), kuweza kupokea elektroni ya ziada, jambo ambalo gesi adimu nyingine hazifanyi, na kuungana na florini kwa urahisi. Lililonikaa zaidi ni hesabu ya 2018 iliyoonyesha kwamba maganda ya nje ya elektroni zake hayatengani waziwazi; elektroni zimetandaa karibu sawasawa. Sisi walimu tunawaambia watoto kwamba gesi adimu zimetulia kwa sababu ganda la nje limejaa. Hapa ganda lenyewe halijulikani linaishia wapi.

Mwenzangu ofisini ananipinga: Mendeleev, aliyelipanga jedwali la elementi, naye alitabiri kwa kusoma safu. Ni kweli, mwaka 1871 alieleza elementi iliyokosekana chini ya silikoni, akakadiria densiti ya 5.5, na elementi hiyo, jerimaniamu, ilipopatikana 1886 ikakaribia sana hapo. Lakini Mendeleev aliandika kwamba anatabiri. Na safu ile ile ya 18 ilishatuumbua mwaka 1962, Neil Bartlett alipotengeneza kampaundi ya zenoni wakati vitabu vikisema haiwezekani. Vingine bado vinasema.

Tena hii 118 ina historia yake ya kusemewa mambo. Mwaka 1999 maabara ya Berkeley, Marekani, ilitangaza kuipata. Miaka miwili baadaye tangazo likafutwa, na uchunguzi ukabaini kwamba data zilikuwa za kughushi. Dubna ndio walioipata kweli, na jina lilipoidhinishwa Novemba 2016 likamuenzi Yuri Oganessian, mwanafizikia wa Dubna, mtu wa pili baada ya mwanakemia Mmarekani Glenn Seaborg kupewa elementi akiwa hai.

Sisemi nyuzi 52 ni ukweli uliopimwa. Hesabu nyingine inaweza kuja kesho ikaleta tarakimu tofauti kidogo, na atomu za kuhakikisha hazipo. Ninachoomba ni masahihisho mafupi yenye neno "inatabiriwa", na kisanduku hicho kwenye mchoro wenu kiondolewe rangi ya gesi. Wanafunzi wanaukata ukurasa wenu na kuubandika ukutani, na wakisha kuubandika mimi sina mamlaka nao.

Na kama nia ilikuwa kueleza gesi ya safu ya 18, ipo heliamu ya Rukwa, hapa Tanzania, iliyotangazwa Juni 2016, mwezi ule ule jina la oganesoni lilipopendekezwa. Hiyo inapimwa na ni gesi kwelikweli. Makala haikuigusa.

Mwalimu wa Kemia,
Morogoro